Nakala ya pili igongwe muhuri

Dada, umeuliza kama mwanafunzi anaweza kupata mafunzo ya kazini kwenye ofisi za jiji bila kujuana na mtu. Anapata, mimi nilipata. Kwa Kampala usiishie makao makuu ya KCCA (mamlaka ya jiji) tu. Kuna divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Kama kwenu ni Mbale, Gulu au Arua, hayo nayo ni majiji tangu 2020, barua ya chuo mwandikie karani wa jiji. Peleka mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Barua yangu (ofisi siitaji jina) ilizama chini ya rundo la faili za leseni. Muhuri ndio ulioniokoa. Posho usiitegemee, tenga nauli ya boda.