Siku niliyomruka mtu Mtaa wa Kongo

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwalimu wa watu: nimewahi kumruka mtu. Si kwa mafumbo, nilimruka kwa miguu yangu. Ilikuwa Desemba, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ule msongamano wa sikukuu ambao ukiinua mguu hujui utaukanyagia wapi. Mwanamume wa makamo alikuwa amelala kati ya meza ya viatu na turubai la machinga wa nguo za watoto, jasho linamtiririka, shati limefunguka vifungo. Nikasema moyoni, huyu kalewa asubuhi yote hii. Nikakunja gauni, nikamruka. Nilikuwa nawahi benki kabla foleni haijawa ndefu.

Niliporudi alikuwa amekalishwa juu ya kreti la soda. Kijana wa mkokoteni amemshikia chupa, anamnywesha kidogo kidogo. "Mzee ana sukari, imeshuka," aliwaambia waliosimama. "Kadi ya kliniki hii hapa, ilikuwa mfukoni." Mfuko wa shati, tena. Sijui tulikuwa wangapi tuliompita mzee yule na kadi yake kifuani.

Ukisimulia jambo kama hili, jibu huwa liko tayari: watu wa mjini wana roho ngumu, utu uko kijijini. Mimi nimekulia kijijini, Shinyanga, na nina ushahidi wangu. Yowe likipigwa usiku kila nyumba ilitoa mtu, ni kweli. Lakini hatukutolewa nje na huruma peke yake. Sungusungu walihesabu vichwa. Asiyefika alilipa faini, na akikaidi alitengwa, hana wa kumwomba moto wala chumvi. Halafu sauti yenyewe uliijua: huyo ni mama fulani, huyo ni mtoto wa fulani. Mjini anayeanguka si wa fulani, na ukimpita hakuna atakayekuuliza kesho asubuhi.

Tena hao hao wa mjini, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka palepale Kariakoo, hawakusubiri kuambiwa. Wachuuzi na wapita njia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kwenye kifusi kuwatafuta waliofukiwa. Roho ngumu zilikuwa zimekwenda wapi siku hiyo? Nadhani jibu ni jepesi: jengo likianguka hakuna anayejiuliza kama limelewa.

Mtu aliyelala chini ni fumbo. Amelewa? Anaumwa? Au ni chambo, ukiinama tu wenzake wanakuchomolea simu? Hofu hiyo ya mwisho watu huicheka, mimi siicheki, maana mji huu una matapeli wa kila namna. Na ukishavuka hiyo kuna hofu ya kesi. Umemwokota mtu anavuja damu, umemfikisha hospitali, swali la kwanza: umemkuta wapi, na wewe ni nani yake? Majeruhi wa ajali au wa kupigwa huulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na wengi wetu tukisikia neno polisi tunaanza kuona siku nzima imekwisha, pengine na jina limeandikwa. Kwa hiyo tunampita huku tunasema "maskini", tukidhani kwa neno hilo tumeshatoa mchango wetu.

Mwaka 1973 huko Marekani, watafiti John Darley na Daniel Batson waliwachukua wanafunzi wa theolojia wa Princeton, wakawatuma jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema. Njiani wakawekewa mtu aliyejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana nafasi, asilimia 63 walitoa msaada. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na watafiti wanaeleza kwamba wako waliokuwa wakienda kumhubiri Msamaria Mwema wakamruka yule mgonjwa. Wakamruka! Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Nilikuwa na wenzangu, kumbe, na wao walikuwa wanaelekea kwenye uchungaji, si benki.

Haraka basi ni sehemu moja. Sehemu nyingine niliiona kituoni Gerezani, jioni, watu wamejaa wanasubiri magari ya Mbagala. Kijana wa kama miaka 20 akaanguka, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Watu wakafungua duara. Kifafa mnajua kinavyoogopwa kwetu: wapo wanaoamini kabisa kwamba ukimgusa mtu wakati ule, au lile povu likakupata, umeshaambukizwa. Si kweli, kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kuguswa, lakini imani haingoji daktari. Nami nilikuwa kwenye duara, pochi nimeibana kwapani, namtazama dada aliye kando yangu, naye ananitazama mimi. Nikaona ametulia, nikajiambia basi labda si jambo kubwa. Yeye bila shaka aliona mimi nimetulia.

Akatokea mama lishe kutoka ng'ambo ya barabara, aproni ina mafuta, mwiko bado mkononi. Hakusema "jamani msaidieni". Alinyoosha ule mwiko. "Wewe wa shati la mistari, simama hapo, magari yasije. Wewe dada, lete mtandio wako nimwekee kichwani. Wewe unayerekodi, acha, tazama saa uniambie dakika zinavyokwenda." Mtu mmoja akaja na kijiko anataka kumtia mdomoni, akakemewa: "Utamvunja meno! Ondoa!" Hakumbana mikono wala miguu, alimwacha atetemeke, na mwili ulipotulia akamlaza kwa ubavu ili mate yatoke. Kama dakika tatu hivi. Kisha akamuuliza jina, akamwambia yuko wapi, akamketisha kivulini kwake. Wa shati la mistari alibaki palepale barabarani, mikono ameitanua kama trafiki, hata baada ya kila kitu kwisha. Mtandio, kama hujaelewa, ulikuwa wangu.

Kilichonishangaza ni wepesi wetu baada ya kuitwa. Sekunde moja tulikuwa mawe, sekunde ya pili kila mtu ana kazi. Darley huyo huyo na mwenzake Bibb Latané walilipima jambo hili mwaka 1968. Kila mtu aliwekwa chumba chake, akasikia kwenye kipaza sauti mwenzake anashikwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, asilimia 31 tu. Walilianza hilo kwa sababu ya Kitty Genovese, dada aliyeuawa New York mwaka 1964, ambaye gazeti liliandika kwamba watu 38 walimtazama bila kufanya lolote. Baadaye ilibainika habari ile ilitiwa chumvi nyingi, kwani wengi hawakuona vizuri na kuna aliyepaza sauti dirishani.

Linganisha na hili. Mtu akipiga kelele "Mwizi!" mjini, watu hutoka hadi wasiojua ameibiwa nani. Mawe yanapatikana, matairi yanapatikana. Ni aibu yetu, na silitaji kwa kulisifu. Ninachosema ni kwamba neno lile linamgawia kila mtu kazi papo hapo: kimbiza, kamata, piga. "Nisaidieni" halimgawii mtu chochote. Linawaambia wote, na jambo la wote ni la nani?

Siku hizi basi nafanya hivi. Nikimkuta mtu amelala, naita kwanza kwa sauti kutoka hatua mbili tatu: "Kaka, uko salama?" Mlevi atanitukana, nami nitaendelea na safari yangu kwa amani. Asipojibu, siinami peke yangu. Namchagua mtu mmoja kwa nguo yake na namwambia kazi moja. Nikiwa karibu na kijiwe cha bodaboda nawaita wao, kwa sababu wako pale kila siku, wanawajua vibaka wa eneo lao na mara nyingi hata mgonjwa mwenyewe wanamjua. Mkoba huwa mbele, si mgongoni. Kama kuna damu, nguo safi na kukandamiza, basi, sifanyi udaktari. Soda au maji nampa mtu anayeweza kumeza mwenyewe, asiyejitambua hapewi kitu. Na kwa hofu ya kesi, nachukua namba ya simu ya mtu mmoja aliyeona, na napigia polisi 112 mimi mwenyewe kabla sijaulizwa. Aliyetoa taarifa wa kwanza hasimami pale pale na aliyekutwa na majeruhi.

Kuna siku nitampita mtu tena, najijua. Nikiwa na mtoto mgongoni usiku pale Mbagala Rangi Tatu, sitamwita kutoka hatua mbili tatu, nitapiga simu nikiwa mbali. Hilo silionei haya.

Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Mnazi Mmoja, saa saba mchana, sikuwa nimekula, na nilikuwa nimetoka kupona malaria. Nikaona barabara inakuwa nyeupe, nikakaa chini ghafla ukingoni mwa barabara. Viatu vikapita. Vingi, vya ofisini, vya ngozi, kandambili. Nilitaka kusema "jamani", neno likafika kwenye ulimi, nikalirudisha.

"Kaka wa kofia nyekundu," nikasema. "Nishike mkono."

Alisimama. Akageuka nyuma kutazama kama kuna kofia nyingine.

"Mimi?"

"Wewe."

Akaja.