Usiinyooshe picha ya mtu

Wiki iliyopita kuna dada kanitumia meseji, anasema amepata simu kuukuu sita zenye kamera nzuri tu, anataka aanzishe kundi la picha kwa watu wanaoishi na magonjwa ya akili pale anapojitolea, sasa anauliza, "kaka, nianze kuwafundisha nini?" Nilicheka peke yangu. Sikumcheka yeye, nilijicheka mimi, maana hilo ndo swali nililoingia nalo mwenyewe na ndo lililoniharibia.

Kwa ambao hamkijui hiki kitu: watu wanapewa kamera, wanapiga maisha yao wenyewe, halafu mnakaa mnazizungumzia zile picha, na wao ndo wanaamua nani azione. Wataalamu wanaiita fotovoisi. Caroline Wang na Mary Ann Burris ndo walioianzisha miaka ya 1990 mwanzoni, na wanawake wa vijijini kule Yunnan, China. Kamera na ugonjwa wa akili vimejuana zamani kidogo, ila vibaya. Miaka ya 1850 daktari mmoja Mwingereza, Hugh Diamond, alikuwa anawapiga picha wanawake waliolazwa kwenye hospitali ya vichaa (ndo walivyokuwa wanaiita) akiamini ugonjwa unasomeka usoni. Mgonjwa anakaa, daktari anapiga. Fotovoisi inampa mgonjwa kamera, na hapo ndo utamu wake.

Sasa mimi ni mpiga picha wa kazi, miaka kumi na kitu, nilipoombwa niongoze kundi nikaona hapa ndo penyewe. Kikao cha kwanza nikamwaga yote, mwanga, fremu, usimweke mtu katikati, sijui nini. Wametulia wananisikiliza, mi najiona profesa.

Kulikuwa na kijana picha zake zote zinatoka zimetikisika. Nikamwambia bana viwiko kifuani, shusha pumzi ndo ubonyeze, wapi. Kikao cha tatu akaniambia taratibu tu, "bro, mi natumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia, inafanya mikono inatetemeka, na nataka ionekane inavyotetemeka." Nikaitikia kwa kichwa, sawa sawa, huku moyoni nawaza hizi hazifai maonyesho. Yani nimeambiwa usoni kabisa na bado sikusikia.

Halafu kuna mama mmoja mtu mzima, ana sonona ya miaka mingi, mpole, anakaa karibu na mlango. Yeye alileta picha ya kitasa. Imepinda vibaya, kitasa kimebanwa kule juu pembeni, sehemu yote iliyobaki ni ubao mtupu wa mlango na mkwaruzo mmoja mrefu. Siku ya kuandaa za kuchapisha nikakaa kwenye kompyuta usiku, nikainyoosha, nikakata ule ubao, nikaongeza mwanga kidogo. Ikawa tamu kwelikweli. Ndo ikachapishwa kubwa kuliko zote, ikawekwa pale watu wanapoingilia.

Wageni walipokuja kila mtu anasimama pale. Mi niko karibu najifanya nasoma karatasi kumbe nasikiliza sifa. Nikamwona mama kasimama mbele ya picha, mkoba kaukumbatia kifuani. Nikamsogelea nikijua naenda kupewa asante.

"Mwanangu, hii siyo yangu."

Nikamwambia ni yako mama, nimeinyoosha tu kidogo.

"Mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Wiki tatu nimelala. Mlango nauona hivi." Akalaza kichwa begani anionyeshe, pale pale mbele za watu wote.

Hakurudi tena kwenye kikao. Nilipiga simu, nikatuma meseji, nikamwomba mwenzake amwambie, kimya. Waliotualika wakaniandikia barua ya pongezi, wakaitaja ile ya kitasa kabisa. Barua ninayo mpaka leo, kila nikiiona natamani kuichana na siichani.

Kwahiyo dada, usifundishe. Onyesha pa kubonyeza, namna ya kuchaji, na kwamba mtu hapigwi picha bila kuombwa, hasa wodini. Basi, mengine nyamaza. Kuna maswali matano yanatumika kwenye vikao hivi: unaona nini hapa, kuna nini hasa kinaendelea, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali iko hivi, tufanye nini. Mi nilikuwa nayakimbiza, picha moja dakika tano twende nyingine, manake nilitaka tufike kwenye maonyesho. Lile la kwanza tu ningemuuliza mama nikatulia, angeniambia amelala.

Na ridhaa usiichukue mara moja kwenye fomu ukaifungia kabatini. Uliza wakati wa kupiga, uliza wakati wa kuchapisha, uliza wakati wa kutundika. Mtu mwenye baipola (ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana) akiwa juu anaweza kukusainia chochote, akitulia mwezi ujao akaona aibu. Akikwambia toa asubuhi ya maonyesho, toa, ukuta ubaki na pengo. Na kuna anayeamini anafuatiliwa, huyo kamera ikiwa mezani tu hapumui vizuri, usimlazimishe, mwache asimulie kwa mdomo. Wala msije mkamwambia mtu picha zitamtosha aache vidonge, nimeshasikia mtu anasema hivo na nilitaka kumtoa nje.

Kwakweli sisi wasaidizi tuna ugonjwa wetu. Tunapenda maumivu ya watu yakiwa yamepangika vizuri, yananing'inia sawa ukutani, yana mwanga, mgeni rasmi apige nayo picha. Tunasema tunawapa sauti, kumbe sauti walikuwa nayo, sisi tunaitengeneza itamkike kama tunavyotaka. Nasema tunawapa ila nilikuwa ni mimi, sina haja ya kujificha kwenye wingi. Kama lengo lako ni kusifiwa, piga zako mwenyewe.

Kundi bado lipo, yule kijana wa mikono ndo anaongoza vikao sasa, mi nabeba viti na kuchapisha. Ile ya kitasa niliichapisha upya kutoka faili la mwanzo, imepinda vilevile, saizi ileile kubwa. Iko nyuma ya kabati nimeizungushia gazeti. Kuitundika siwezi, sijamuuliza.