Risasi isiyo na risasi

Wiki jana kijana mmoja wa Ruaka aliniandikia: "Mzee, habari. Nimenunua bunduki ya .300 Winchester Magnum, leseni ninayo, Agosti naenda kuwinda Tanzania. Nibebe risasi gani?" Nilidhani nitamjibu kwa sentensi mbili. Saa nzima baadaye chai ilikuwa imepoa na mimi bado naandika, kwa sababu alikuwa amenitonesha kidonda. Nyinyi wengine mnaoweka akiba kwa safari kama hiyo, sogeeni mwone nilivyoaibika.

Kabla sijatukanwa: najua uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Ndiyo maana tunavuka mpaka, kwa kibali na kwa pesa zetu. Habari ya makaratasi ya bunduki pale Namanga inachosha, naiacha.

Nilikuwa Rungwa, pori la akiba huko Tanzania, mwaka wangu wa kwanza na bunduki ya aina hiyo, na kichwa kilikuwa kimevimba. Dukani nilikuwa nimeuliza swali moja tu: ipi inakimbia zaidi? Nikauziwa za greini 150, yaani gramu 9.7, zenye ncha laini ya madini ya risasi na ala nyembamba ya shaba kwa nje. Zinatoka mtutuni kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde. Nilizitaja kasi hizo kambini kila jioni hadi mpishi akazikariri.

Siku ya tatu tukamkuta dume la pofu kwenye miombo, hatua sitini hivi, amesimama ubavu. Pofu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 800. Nilimlenga begani, nikafyatua, nikasikia ile "pwaa!" ya risasi ikigonga nyama. Akajikunja, akaondoka. Mzee aliyekuwa akifuata nyayo aliinama, akaokota kijipande cha mfupa mweupe kama ukucha, akakigeuza kiganjani. "Bosi," akaniambia bila kuinua macho, "huyu umempiga kofi."

Tulimfuata kutwa. Tulilala bila mtu kusema na mimi. Asubuhi tukamkuta kwenye korongo kavu, bado hai, na mwindaji aliyetuongoza akammaliza kwa bunduki yake nzito ya .375. Pesa ya mnyama nililipa yote, na hata angetupotea ningelipa, kwa sababu damu ikishadondoka mnyama ni wako. Lakini si pesa iliyoniuma. Walipomchuna, begani palikuwa na shimo pana kama sahani, nyama imesagika, chembe za risasi zimetapakaa kama pilipili manga, na ile ala ya shaba iko tupu kama ganda la karanga. Mapafu hayakuguswa. Risasi yangu ilikuwa imevunjikia mlangoni. Hadithi ilifika Nairobi kabla yangu, na pale kwenye uwanja wa shabaha wapo wanaoniita Bwana Chengachenga hadi leo. Wanajijua.

Sasa sikilizeni. Kasi ndiyo inayoivunja. Risasi ile ile ningeifyatua kwa .30-06, bunduki isiyo na nguvu kama Magnum, ingetoka kwa mita 890 hivi, na huenda ingeshikamana. Imeundwa ifunguke haraka ndani ya mnyama mwepesi, au aliye mbali baada ya hewa kuipunguza mwendo. Mpe Magnum aisukume, kisha umgonge mnyama mzito wa karibu kwenye mfupa, unapata uji. Na porini Tanzania wanyama wengi utawapiga karibu, si kwenye zile mita 400 za video. Ukinunua Magnum, usinunue tena kasi. Nunua risasi inayoweza kuistahimili.

Nilifarijika kidogo kujua kwamba John Nosler, Mmarekani, lilimkuta jambo kama hili mwaka 1946 huko Kanada. Alikuwa na bunduki ya .300 H&H Magnum, mnyama wake alikuwa yule mkubwa wa kaskazini aitwaye moose, na risasi zilipasuka juu juu bila kuzama. Akaenda nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele ifunguke, ya nyuma ibaki nzima isukume. Akaanza kuiuza mwaka 1948, na risasi hiyo, aliyoiita Partition, inauzwa mpaka leo. Baadaye zikaja zile ambazo kiini kimeunganishwa na ala visiachane, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes wakaleta ya shaba tupu. Kiswahili kinachekesha hapa: ni risasi isiyo na risasi ndani yake.

Mimi sikuamini maneno ya boksi tena. Nilikusanya magazeti ya zamani, nikayaloweka usiku kucha kwenye karai, nikayafunga kamba na kuyapeleka uwanjani kwenye buti la gari (mama watoto ananikumbusha ule unyevu hadi leo). Zile greini 150 zilichanguka mwanzoni mwa rundo. Ya shaba ya greini 180 ilizama ndani kabisa, ikafunguka makucha manne. Nikampelekea sonara mmoja Biashara Street azipime kwenye mizani yake ya dhahabu. Ya kwanza, kati ya gramu 9.7, ilibaki 4. Ya shaba ilianza na gramu 11.7, ikabaki 11.6.

Watu wa Nairobi tuna ugonjwa wa kununua gari kubwa halafu tunaliwekea matairi ya mtumba. Mtu anatumia pesa za shamba kwa bunduki na darubini, akifika kwenye risasi anaanza kubembeleza bei, na hiyo ndiyo kitu pekee katika mzigo wote itakayomgusa mnyama. Nilikuwa hivyo, kwa hiyo nina haki ya kusema. Chukua greini 180, iwe ya shaba tupu au ile iliyounganishwa kiini na ala. Na ukibadilisha risasi rekebisha darubini upya. Zangu za 180 ziligonga sentimita sita chini ya zile za 150 kwenye mita 100.

Mwaka huu nilirudi Rungwa na boksi mbili za shaba. Pofu mwingine, mita 110, bega lile lile. Alitembea hatua chache akalala, na kisu kilipopita ubavu wa pili, risasi ilikuwa imekwama chini ya ngozi. Yule mzee wa nyayo alinipa mkono, akacheka, hakusema neno.

Niliipeleka kwa sonara. Akaigeuza chini ya taa, ile midomo yake minne imekunjuka kama ua, akaniuliza kama naitaka iwe kidani au pete.