Muulize Dokta wa Mifugo: Nilimpeleka kuchanjwa, akarudi na ugonjwa

Toleo hili maswali yamekuja mengi, na kama vile mlikaa kikao, karibu yote yanahusu magonjwa yanayookotwa palepale kwenye kliniki ya mifugo au kwenye duka la dawa. Nimechukua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo dokta. Mi nakaa Gungu hapa Kigoma. Nilinunua kambwa kadogo nikakapeleka kuchanja, tukakaa foleni kama lisaa hivi, kenyewe kako chini kanachezacheza na wenzie, kuna mbwa mmoja mkubwa pale alikuwa anatapika. Baada ya siku tano hivi na kenyewe kakaanza kutapika na kuharisha damu, kakafa. Jirani anasema chanjo ndo imekaua. Je niwadai wale jamaa? Na nikitaka kununua kengine nifanyeje? (Mama wa Gungu)

Marahaba mama, na pole sana. Chanjo haijakaua, hilo mwambie jirani. Mbwa mdogo akitapika na kuharisha damu, cha kwanza tunachowaza ni parvo, ingawa bila kipimo siwezi kuapa. Kirusi chake kilianza kujulikana mwaka 1978 na mpaka leo kinamaliza watoto wa mbwa vibaya mno. Kikishaingia mwilini dalili zinakuja baada ya siku 3 hadi 7 hivi, wengine wanachelewa mpaka wiki mbili, kwahiyo inawezekana kamekiokota pale kwenye foleni na inawezekana pia kalikuja nacho toka kwa aliyekuuzia. Chanjo ya siku ile haikuwa imepata muda wa kufanya kazi. Halafu sindano moja kwa mbwa mdogo haitoshi jamani, watu wengi wanachanja mara moja wanaona wamemaliza. Tunaanza akiwa na wiki 6 hadi 8, tunarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaizuia chanjo isishike, na ile kinga ya mama haiishi siku moja kwa mbwa wote.

Sasa ubaya wa parvo ni ugumu wake. Mbwa anakitoa kirusi kwenye kinyesi hata kabla hujamuona anaumwa, afu kinabaki sakafuni, kwenye soli za viatu, kwenye kamba, kwenye mikono ya dokta mwenyewe, na kwenye udongo wa kivulini kinaweza kukaa miezi mingi hadi mwaka. Ndo maana nasema wazi, kliniki inayomuweka mbwa anayetapika sehemu moja na watoto waliokuja kuchanjwa ina kosa, hata dokta wake awe fundi kiasi gani. Kuwadai sidhani kama utafika popote maana huwezi kuthibitisha kamekipata wapi. Ila nenda kawaambie, kistaarabu tu, kwamba mbwa wako amekufa kwa dalili hizi na siku ile kulikuwa na mgonjwa pale. Wanatakiwa wajue ili wasafishe na wawashtue wengine mliokuwa nao foleni, na ukiona wamekasirika badala ya kukuuliza maswali, tafuta kliniki nyingine.

Kengine usinunue haraka hivyo. Matandiko ya yule choma, bakuli na sakafu ya sementi sugua kwa sabuni kisha pitisha jiki (vipimo nimempa kijana wa Kasulu hapo chini), lakini uwanja wa mchanga jiki haiusaidii, udongo unaimaliza nguvu. Pale toa kinyesi chote, fyeka majani jua lipige, na subiri miezi ipite. Ukiona huwezi kusubiri basi chukua mbwa mkubwa kidogo aliyekwisha kumaliza chanjo zake zote. Na siku ya kumpeleka mdogo kliniki mbebe, kwenye boksi au kikapu, asikanyage chini kabisa. Piga simu kwanza, kama kuna mgonjwa ndani kaa nje chini ya mwembe mpaka uitwe. Parvo ya mbwa binadamu haimpati, kwahiyo watoto wako wako salama kwa hilo.

Mwakeye dokta. Mi nasaidia kwenye duka la dawa za mifugo huku Kasulu, wateja wanaleta na wanyama tunawatibia hapohapo mezani. Bosi kasema kila mnyama akitoka nipulize spiriti nifute na kitambaa, basi. Inatosha? Jiki nilijaribu inapiga pua mpaka wateja wanakimbia. (Kijana wa Kasulu)

Haitoshi mdogo wangu. Spiriti ni nzuri kwa mikono isiyo na uchafu na kwa vitu vidogo, ila hicho kirusi cha parvo hakiogopi spiriti hata kidogo, wala hizi dawa za kunukia zinazofanya maji yawe meupe. Na hicho kitambaa kimoja unachofutia kutwa nzima ndo kinachobeba uchafu wa mbwa wa asubuhi kumpelekea mbuzi wa jioni.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake usiugeuze. Ondoa kwanza uchafu wenyewe, damu, kinyesi, manyoya. Osha kwa maji na sabuni, suuza. Halafu ndo weka jiki. Ukiimwaga jiki juu ya kinyesi, nguvu yake yote inaishia kwenye kinyesi na vijidudu vya chini vinakuangalia tu. Soma lebo, ile iliyoandikwa 3.5% changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji, unapata 0.5%, kipimo kilekile wanachotumia kwenye vituo vya afya. Iache meza ibaki imelowa dakika 10. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanapaka wanafuta hapohapo, dawa haijapata hata muda wa kugusa. Baada ya dakika 10 suuza, hasa kama meza ni ya chuma maana jiki inakula chuma. Changanya mpya kila siku na usiiache juani kwenye chupa nyeupe, inakufa.

Kuhusu kupiga pua, nahisi unaimwaga juu ya mkojo. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoka hewa mbaya ambayo ni sumu kabisa, si harufu tu. Suuza mkojo wote kwanza, fungua madirisha. Na usije ukaichanganya na dawa ya choo yenye asidi ukidhani unaongeza nguvu, utaanguka.

Kingine ni mikono, kati ya mnyama na mnyama, kila mara, hata kama ulivaa glovu. Bosi akikuona unapoteza muda msimulie habari ya Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwalazimisha madaktari wenzie kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha, vifo vya akina mama vikashuka sana wodini kwake, na bado wakubwa zake walimuona msumbufu. Kwahiyo hujaanza wewe.

Dokta huku Uvinza bwana mifugo akija kuchanja anatumia sindano moja kwa ng'ombe wote, ikipinda ndo anabadilisha. Mzee wangu anasema toka zamani iko hivyo. Kuna shida? (Mfugaji, Uvinza)

Shida ipo, na kwa kwenu huko kwenye miombo na mbung'o ni kubwa zaidi. Ndigana baridi, ule ugonjwa wa vijidudu vya damu unaomwishia ng'ombe damu, inahama kwa damu, kiasi kidogo sana kilichobaki kwenye sindano kinatosha, na nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, nayo inaweza kupita njia hiyohiyo. Ndigana kali hiyo ni ya kupe, sindano hatuisingizii. Ng'ombe aliyewahi kuugua ndigana baridi akapona anaweza kubaki na vijidudu kwenye damu maisha yake yote akiwa amenona tu, wewe unamuona mzima, sindano inamtoka yeye inaingia kwa jirani yake zizini. Afu mwezi unaofuata ng'ombe wanaanza kuishiwa damu, wafugaji wanasema chanjo mbovu, na mwaka unaofuata wanaficha ng'ombe porini wasichanjwe.

Mzee wako mwambie kwa heshima kwamba zamani pia walikuwa wanakufa. Kila ng'ombe sindano yake. Bwana mifugo akisema bajeti haitoshi, mchange wafugaji wenyewe mnunue boksi la sindano, ukilinganisha na bei ya ndama ni hela ndogo. Zile za chuma za kurudia zichemshwe kila baada ya matumizi, zioshwe kwanza ndani damu itoke halafu maji yatokote dakika 20 au zaidi, kufuta na pamba ya spiriti hakusaidii. Sindano iliyokwisha kumchoma ng'ombe isirudi kuvuta dawa kwenye chupa, weka moja ibaki kwenye chupa mpaka mwisho. Zilizotumika ziingie kwenye dumu gumu lenye mfuniko. Nimeshaona watoto wanachezea sindano zilizotupwa pembeni ya josho, hilo halina utetezi.

Na kama ni chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba, ile ya S19, mwacheni bwana mifugo afanye kwa utulivu bila kumsukuma. Ile ina bakteria hai, akijichoma anaweza kuugua yeye, aende hospitali akawaeleze kilichomchoma.

Kuku wangu wanakufa, nimeweka mmoja mgonjwa kwenye tenga niende nae dukani wakamwangalie, ni sawa? (Mwanga)

Rudi nae nyumbani. Pale dukani kuna mtu kaja kununua vifaranga, na kama huo ni mdondo (kideri) basi tenga lako, ndala zako na nguo zako zote zimebeba. Piga simu, eleza wanavyokufa, mtaalamu aje au akwambie wapi pa kupeleka. Mfu afungwe kwenye mifuko miwili. Walio wazima na hawajachanjwa wapewe chanjo ya mdondo, ile inayoitwa I-2, ni tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu, ila walioanza kuumwa chanjo haiwaponyi. Na tafadhali wale waliobaki usiwakimbize sokoni.

Mbwa wa jirani kaning'ata kidogo tu mkononi tukiwa kliniki, dokta wa pale kanipaka ayodini kasema niende nyumbani. (Bila jina, Ujiji)

Acha kusoma, nenda bombani. Sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama jeraha limeanza kukauka, halafu hospitali leo hii ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Ayodini si mbaya ila haichukui nafasi ya chanjo. Majivu, mafuta ya taa, kahawa, hapana. Mbwa asiuawe akatupwa, afungwe aangaliwe siku 10, na akibadilika au akifa mtaalamu wa mifugo aambiwe haraka. Wewe lakini usizisubiri hizo siku 10. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Na nyie mnaofanya kazi kliniki, chanjeni kabla hamjang'atwa.

Dokta nina mafua, naweza kuambukiza wanyama au ni wao tu wanatuambukiza sisi? (Mwanafunzi, Kigoma mjini)

Swali zuri na jibu lake liko hapo kwenu, boti tu toka Kibirizi. Sokwe wa hifadhi ya Gombe mwaka 1966 walipata ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema, wakati huohuo binadamu wa maeneo ya jirani walikuwa na polio. Mafua yetu pia yanawaua. Ndo sababu mgeni akienda kule anaambiwa akae mbali nao, avae barakoa, na mwenye mafua asiingie kabisa. Kwa mbwa na mbuzi wako mafua ya kawaida hayana shida kiasi hicho, nawa mikono tu kabla hujawalisha, ila safari ya Gombe isogeze mbele mpaka upone.