Fumbo la bahasha mbili: majibu ya maswali yenu

Swali: Nimepewa bahasha mbili, moja ina pesa mara mbili ya nyingine. Nachukua moja, tuseme ina X. Nyingine ni 2X au nusu ya X, fifti fifti, wastani 1.25X. Si nibadilishe tu?

Jibu: Ukiikubali hiyo hesabu, ukishabadilisha inabidi ubadilishe tena na tena, hutoki hapo, so ujue kuna kitu kimeharibika njiani. Weka namba kabisa, 100 na 200. Ukiwa na 100 ukabadilisha unaongeza 100, ukiwa na 200 unapoteza 100, wastani wa faida sifuri. Sasa cheki: X ya kwenye 2X ni 100, X ya kwenye nusu ni 200. Herufi moja, namba mbili tofauti, na wewe umezijumlisha kama kitu kimoja.

Swali: Na nikifungua nikakuta 100?

Jibu: Hili ndo swali lenyewe. Hapo X imetulia kweli, nyingine ni 50 au 200, ila nani kakwambia ni nusu kwa nusu? Inategemea aliyejaza alipangaje. Tuseme kiasi kidogo alikiokota kwa bahati nasibu, namba kamili kati ya 1 na 100. Ukikuta 37 badilisha bila kuwaza, maana namba witiri haiwezi kuwa ile kubwa. Ukikuta 100 pia badilisha, hapo kweli ni nusu kwa nusu. Ila ukikuta 150 kaa nayo, na anayebadilisha kila saa ndo huku juu anakorudisha faida yote. Ili iwe nusu kwa nusu kwa kiasi chochote, jozi za 1 na 2, 2 na 4, 4 na 8, bila mwisho, zote ziwe na uwezekano sawa, na jumla ya uwezekano wote lazima iwe 1, ila hapa haiwezi kuwa 1 hata ufanyeje.

Swali: Nani alilianzisha?

Jibu: Mwanahisabati Maurice Kraitchik wa Ubelgiji alikuwa na la aina hii tangu 1930, watu wawili wanabishana tai ya nani ghali zaidi.

Swali: Kama sijui chochote kuhusu aliyejaza, ndo basi?

Jibu: Hapana, na hapa ndo panaponifurahisha kuliko kote! Mtaalamu wa hisabati ya taarifa, Thomas Cover, alionyesha 1987: kabla hujafungua, okota namba yako kwa bahati nasibu, kwa namna ambayo haiachi eneo lolote bila nafasi. Kisha fungua: bahasha ikiwa chini ya namba hiyo badilisha, ikiwa juu baki. Namba yako ikiangukia katikati ya viasi viwili unapata kubwa kwa uhakika, ikiangukia pengine popote unabaki na nusu kwa nusu yako. Nafasi yako ya kupata kubwa imezidi nusu kwa kiasi gani huwezi kujua, ila imezidi.