Maswali ya Wasomaji: Bukuru na Butoyi si mtu mmoja

SWALI: Ndugu mhariri, ninasimamia mfumo wa kusajili wateja wa mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika. Mteja yuleyule akisajiliwa Kigoma kwa pasipoti, kisha Kalemie, ng'ambo ya Kongo, kwa kitambulisho cha huko, mfumo unaona watu wawili. Tumejaribu kuwaunganisha kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, sasa malalamiko yamezidi. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu wa Mwanga, sitisheni kwanza uunganishaji wa moja kwa moja. Mteja akionekana mara mbili, usumbufu wake ni kujaza fomu upya. Mkiwafanya wawili kuwa mmoja, mzigo wa huyu unatolewa kwa yule, na deni la yule linamwangukia huyu.

Programu nyingi hupima majina kwa kuhesabu herufi za kubadili, kuongeza au kuondoa hadi jina moja liwe kama jingine. Mchukueni Moussa Djuma Ramazani wa Kalemie, ambaye karani wa Kigoma humwandika anavyomsikia: Musa Juma Ramadhani. Tofauti ni 5 kati ya 21, yaani wamefanana kwa asilimia 76. Sasa wachukueni pacha, Bukuru Juma Ramadhani na Butoyi Juma Ramadhani. Tofauti yao ni 4 kati ya 21, asilimia 81, na tarehe ya kuzaliwa ni ileile. Mkiamua kwamba wanaofanana kwa asilimia 80 au zaidi waunganishwe, pacha wanakuwa mtu mmoja na Musa anabaki watu wawili. Hakuna kiwango kitakachowaokoa hapo.

Dawa ni kusawazisha tahajia kabla ya kupima. Tengenezeni nakala ya jina kwa ajili ya kulinganisha tu, na jina la asili lisiguswe. Kwenye nakala hiyo, ou iwe u, dj iwe j, dh iwe z, herufi zinazojirudia kama ss ziwe moja, alama za Kifaransa na vistari viondoke. Musa anafika asilimia 100. Kisha pimeni kila jina peke yake: Bukuru na Butoyi wanatofautiana herufi 4 kati ya 6, na hapo mfumo ukatae. Tarehe zihifadhiwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na tarehe 1 Januari ipewe uzito mdogo, kwa kuwa wengi wasiojua siku waliyozaliwa huandikiwa hiyo.

Namba nazo zina mtego wake. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, lakini Excel hutunza 15 tu. Zilizobaki hugeuka sifuri bila kukuonya. Hata kwenye kanzidata, safu ya namba kamili ya biti 64 haiwezi kubeba tarakimu hizo. Hifadhini kama maandishi. Tena namba isikae peke yake: iambatane na nchi, aina ya hati na tarehe ya kuisha. Pasipoti mpya huja na namba mpya, kwa hiyo ya zamani isifutwe.

Hata Ulaya wamekwama hapo. Kwa sheria ya utambulisho wa kielektroniki ya Umoja wa Ulaya ya 2014, nchi hupelekeana taarifa nne za lazima: jina la ukoo, jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pekee. Lakini kadi ya Ujerumani haitoi namba ya kudumu. Kadi mpya huleta alama mpya ya utambulisho, na mtu yuleyule anaonekana mgeni. Marekebisho ya 2024 yakalazimika kuweka kifungu maalumu cha kulinganisha utambulisho.

Kwa hiyo mfumo wenu uwe na majibu matatu: ndiye, siye, na haijulikani. Aliyepata jibu la haijulikani athibitishe mwenyewe, ama kwa kuingia kwenye akaunti yake ya zamani, ama kwa msimbo unaotumwa kwenye simu aliyoisajili, ama dirishani akiwa na hati zote mbili. Karani asimuulize, “Wewe ndiye wa namba hii?” Hapo ameshamtajia siri za mwingine. Aulize, “Uliwahi kujisajili wapi, na kwa hati gani?” Rekodi zikithibitika kuwa za mtu mmoja, msizichanganye. Wekeni kiungo kati yake, chenye tarehe, njia iliyotumika na jina la aliyeidhinisha, ili kosa likigundulika kikatwe na kila rekodi ibaki salama.

SWALI: Kwa nini tusitumie alama za vidole tu, kama kwenye laini za simu?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Laini huhakikiwa kwenye kanzidata moja ya nchi moja. Kuvusha alama za vidole nje ya nchi ni jambo jingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu kuwa taarifa nyeti, na zikiibwa huwezi kumpa mtu vidole vingine. Halafu jembe na nyavu husugua ngozi, kwa hiyo mkulima au mvuvi halali anaweza kukataliwa na mashine. Kila nchi imhakiki mtu wake kwake, kisha ivushe jibu tu, ndiyo au hapana. Na pawepo njia ya pili kwa ambaye vidole vyake havisomeki.