Ardhi na Makazi: Mnara wa simu unachimbiwa msingi nyuma ya nyumba yangu

SWALI: Shikamoo mama. Naishi katika mji mdogo mmoja mkoani Kilimanjaro. Naomba usiutaje, maana mwenye kiwanja ninachotaka kukisema ni jirani yangu na tunasali pamoja. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kitongoji alituita mkutanoni. Akaja kijana wa kampuni akasema wanatuletea mtandao. Tukasaini karatasi, tukapewa soda, tukaondoka. Juzi nimekuta mafundi wamechimba shimo kubwa la msingi, hatua kama 12 kutoka dirisha la chumba wanacholala wanangu. Kuuliza, naambiwa ni mnara wa simu na kwamba wananchi mlishakubali. Hapa mtaani wengine wanasema mionzi itatuletea saratani, wengine wanasema tukikataa tutabaki bila mtandao. Je, kuna sheria inayosema mnara ukae wapi? Na mimi niende kwa nani?
Mama wa Watatu, Kilimanjaro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukimaliza kusoma hapa, chukua daftari uende ofisi ya Afisa Mtendaji wa Mji Mdogo. Usisubiri mkutano mwingine. Shimo bado ni shimo. Zege likishamwagwa na vyuma vikasimama, kila utakayemwendea ataanza kukuhesabia hasara ya kampuni badala ya kukusikiliza.

Ukifika, omba kuonyeshwa karatasi mbili. Ya kwanza ni kibali cha kuendeleza ardhi, ya pili ni kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitambua mamlaka ya mji mdogo kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake, kama lilivyo jiji au manispaa, na inakataza mtu kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mpango bila kibali. Haisemi isipokuwa minara. Leseni ya mawasiliano ambayo kampuni imepewa na TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, inairuhusu kutoa huduma nchini. Haiwapi ruhusa ya kuchimba kwenye kiwanja chochote watakachokipenda. Nimefanya kazi ya mipangomiji kwenye halmashauri mpaka nikastaafu, na katika migogoro ya minara iliyopita mezani kwangu, jambo hilo ndilo lililokuwa gumu kueleweka. Kijana anakuja na barua yenye nembo, watendaji wanadhani kila kitu kimeshaamuliwa Dodoma.

Kisha muulize Afisa Mipangomiji akuonyeshe mchoro wa eneo lenu. Kama mji mdogo wenu hauna afisa huyo, yupo halmashauri ya wilaya. Kila kiwanja kwenye mchoro kina matumizi yake: makazi, makazi na biashara, huduma za jamii, eneo la wazi. Kama kiwanja cha jirani yako kimeandikwa makazi, mnara hauwezi kuingia pale kimyakimya. Mwenye kiwanja anatakiwa kuomba kubadilishiwa matumizi, na ombi hilo hutangazwa ili wenye pingamizi walete pingamizi zao. Uliza tangazo lilitoka lini na lilibandikwa wapi. Kama hakuna jirani hata mmoja aliyeliona, andika hivyo hivyo kwenye barua yako, na majirani waandike majina yao.

Najua miji midogo mingi ni vijiji vilivyokua haraka kuliko makaratasi yake. Huenda ukaambiwa eneo lenu halina mchoro, urasimishaji, yaani kupima na kupanga makazi yaliyojengwa bila mpango, bado haujafika. Hiyo isikurudishe nyumbani. Kukosekana kwa mchoro hakuondoi ulazima wa kibali. Na kama kitongoji chenu bado ni ardhi ya kijiji, basi mnaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na huko mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake.

Sasa hiyo karatasi mliyosaini. Hili limeniuma kuliko mengine yote kwenye barua yako, kwa sababu ni mchezo wa zamani. Mradi wa aina hii hupitia pia usimamizi wa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kwa chombo cha taifa tunachokijua kwa jina la NEMC, na wataalamu wanaoandaa andiko la athari kwa mazingira wanatakiwa kuonyesha kuwa wadau walishirikishwa. Ushahidi wa kushirikishwa ni orodha ya majina na sahihi mwishoni mwa andiko. Karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa kuletewa mtandao, ambako hakuna aliyetaja mnara wala kiwanja wala urefu, inaweza kuja kuonekana pale kama ridhaa yenu. Mtu aliyesaini kwamba alihudhuria hajasaini kwamba amekubali. Omba muhtasari wa mkutano ule. Usome ajenda iliyoandikwa. Kama ajenda haitaji mnara katika kiwanja kile, mna hoja nzito. Kama inautaja na hamkusomewa, waliohudhuria waandike barua ya pamoja kueleza walichoambiwa siku ile, kila mmoja kwa jina lake na namba ya simu, kisha nakala iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya mazingira ya kanda.

Kuhusu saratani nitasema wazi, hata kama sitawafurahisha wote hapo mtaani. Mawimbi ya simu si mionzi ya aina moja na ile ya eksirei. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kuwa na madhara lakini ushahidi wake ni mdogo. Ushahidi huo mdogo wenyewe ulitoka kwa watu wanaoweka simu sikioni, si kwa watu wanaoishi jirani na minara. Kiwango cha kimataifa kinachotumika sana, cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mawimbi ya aina hii, kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwa umma. Shirika la Afya Duniani liliwahi kueleza mwaka 2006 kwamba vipimo karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya viwango vya kimataifa. Antena zinaelekezwa mbali, zinainamishwa kidogo tu, hivyo anayeishi chini kabisa ya mnara si lazima ndiye anayepokea mawimbi makali zaidi. Ukitaka uhakika wa nyumba yako, chombo chenye kazi hiyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo ina ofisi Arusha. Waandikieni mwombe vipimo mnara ukishawashwa. Ni haki yenu na wala si ugomvi.

Ninachokuomba ni kwamba usiingie mkutanoni na saratani kama hoja ya kwanza. Kampuni itakuja na mtaalamu na jedwali lake, atawashinda mbele ya watu, na hoja zenu za kweli zitazikwa pamoja na ile moja. Wamarekani wamelifikisha jambo hili mpaka kwenye sheria. Tangu mwaka 1996 sheria yao ya mawasiliano inauachia mji mdogo uamuzi wa mahali pa kuweka mnara, lakini inauzuia kuukataa kwa sababu ya mawimbi iwapo mnara unakidhi viwango vya taifa. Mji ukikataa, lazima uandike sababu zenye ushahidi. Kwa hiyo huko miji midogo imejifunza kushindana kwa hoja za ardhi: umbali, urefu, sura ya mji, njia ya magari, kelele. Miji mingi imeandika kwamba mnara usimame mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu wake wenyewe. Sisi hatufungwi na sheria yao, ila hoja hizo zinasimama hata kwetu.

Zako zipo, tena nzito. Hatua 12 si umbali wa kuweka mnara na chumba cha watoto. Uliza mnara una urefu gani. Kampuni inaujua, maana mnara mrefu huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ndiyo maana mnaona rangi nyekundu na nyeupe na taa ya usiku kileleni. Tuseme ni mita 40: chuma cha mita 40 kilicho hatua 12 kutoka ukuta wako. Uliza ripoti ya udongo, ninyi mlio kwenye miteremko ya mlima mnajua udongo wenu ukishiba mvua za masika unavyokuwa. Uliza jenereta litakaa upande gani na tangi la dizeli liko umbali gani na nyumba, kwa sababu umeme ukikatika usiku ndilo litakalolala na wanao. Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na usiku kiwango kinachoruhusiwa ni cha chini kuliko mchana. Uliza lori la mafuta litapita wapi, na maji ya mvua ya kwenye eneo lao la zege yatatiririkia kwa nani.

Hao wanaosema mji utabaki bila mtandao nao wasikilizwe. Mama anayeuza ndizi sokoni anapokea pesa kwa simu, mgonjwa anaitiwa bodaboda kwa simu. Mimi sitamsaidia mtu kuukataa mnara usiwepo kabisa. Nitamsaidia uwekwe mahali pake. Kwa hiyo barua yenu iwe na pendekezo: kona ya eneo la soko, kiwanja cha nyuma ya ofisi za serikali, shamba lililo kando ya makazi. Ulizeni pia kama hakuna mnara uliopo ambao wanaweza kuuchangia. Kanuni za TCRA zinahimiza kuchangia miundombinu, na minara mingi nchini siku hizi ni ya kampuni za minara zinazopangisha nafasi kwa mitandao kadhaa. Vodacom, kwa mfano, iliuza minara yake kwa kampuni ya minara ya Helios mwaka 2013. Kabla ya kusimamisha chuma cha pili, waeleze cha kwanza kimeshindwa nini.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Mji Mdogo na diwani. Taja namba ya kiwanja, taja matumizi yaliyo kwenye mchoro, taja umbali kwa mita uliopimwa kwa futi kamba na si kwa kukadiria, weka picha ya shimo yenye tarehe. Ombeni ujenzi usimamishwe mpaka vibali vionyeshwe. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke bila huo muhuri. Kama kibali hakipo, ndipo mtaona ile rangi nyekundu ya SIMAMISHA UJENZI. Jirani yako mfuate kwanza nyumbani, kabla barua haijamfikia. Yeye amepewa ahadi ya kodi, hajatenda kosa, na huenda hakuambiwa chochote kuhusu kubadili matumizi.

Neno moja kwa madiwani na wenyeviti wa vitongoji wanaonisoma. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Chuma kinakuja, na ni vizuri kije. Tungeni sheria ndogo sasa, kabla kampuni haijawafikia: umbali kutoka nyumba, shule na zahanati, maeneo yanayopendekezwa, sharti la kuchangia, uzio, jenereta, na nani ataondoa mnara usipotumika tena. Itapita halmashauri ya wilaya, itahitaji idhini ya waziri mwenye dhamana, na itachukua muda. Anzeni.

SWALI: Mama, mimi ndiye upande wa pili. Kampuni inataka kupanga kona ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kwa miaka 15. Kodi ni nzuri lakini mkataba wote ni Kiingereza na wanataka nisaini wiki hii. Nifanyeje?
Mzee wa Kihamba

JIBU: Pole na hongera kwa pamoja, kaka yangu. Usisaini wiki hii. Kihamba si chako peke yako. Mkeo aridhie kwa maandishi, na ndugu wenye haki humo wakae kikao na muhtasari uandikwe. Mwambie anayekuharakisha akupe mkataba wa Kiswahili, au umlipe wakili akusomee kila kifungu.

Angalia kodi inapanda vipi. Kodi isiyopanda kwa miaka 15 itakuwa ya mboga mwaka wa kumi. Angalia kama kampuni nyingine zikiongezwa kwenye mnara huo nawe unaongezewa. Angalia nani analipia kubadili matumizi ya ardhi na vibali, iandikwe kwamba ni wao, na kwamba mkataba hauanzi kabla vibali havijatoka. Iandikwe pia kwamba muda ukiisha wanang'oa chuma na zege lote la msingi, kwa sababu zege lile kahawa haiwezi kuota juu yake. Watakata kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10 kwenye pango. Dai cheti chake kila wanapokata.

Na kabla ya yote hayo, simama kwenye hiyo kona utazame nyumba iliyo karibu. Kama ni hatua chache, waonyeshe kona nyingine ya shamba. Wakisema haifai, wakueleze kwa maandishi kwa nini.